Tumbo la Pomboo Halijibu Usichouliza

Pomboo ana meno mengi na hatafuni. Meno yale, yote ya umbo moja, kazi yake ni kumdaka samaki asichopoke. Samaki akishadakwa hugeuzwa kichwa mbele ili miba ilale, kisha humezwa mzimamzima na magamba yake. Kazi ambayo sisi huianza kwa magego, pomboo ameliachia tumbo, na tumbo lenyewe ni vyumba kadhaa vilivyofuatana, kila kimoja na ukuta wake.

Chumba cha kwanza ni tumbo la mbele, mfuko mpana wa misuli unaotanuka sana. Cha pili ni tumbo kuu, ambako asidi hutengenezwa. Kisha kuna njia nyembamba ya kuunganisha, halafu tumbo la mwisho, lenye ute mwingi. Hapo pana mlango wa misuli, na baada ya mlango huo utumbo mwembamba unaanza kwa kututumka. Uvimbe huo umewadanganya wengi, wakauhesabu kuwa tumbo jingine. Mfuko wa nyongo pomboo hana kabisa.

Ukiujua ukoo wake hushangai. Nyangumi na pomboo ni jamaa wa karibu wa kiboko, na kwa mbali kidogo wa ng'ombe na mbuzi. Mla supu anayechagua taulo au kitabu kwenye sufuria anazijua sehemu za tumbo la ng'ombe hata kama hajawahi kukanyaga darasa la anatomia. Tofauti ni kwamba ng'ombe anahitaji vyumba vile kuchachusha majani, na pomboo anakula nyama tupu. Wazee wake walihamia majini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, chakula kikabadilika, vyumba vikabaki na kupewa kazi mpya.

Mimi niliingia katika habari hizi kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa kijana wa maabara ya tishu, kazi yangu kukata vipande na kuvipaka rangi, nilipopelekwa Unguja kuwasaidia watu waliokuwa wakichunguza pomboo waliokufa kwenye nyavu. Wavu wa jarife hutegwa usiku kwa ajili ya papa na jodari. Pomboo akinaswa humo, hana namna ya kupanda juu kuvuta pumzi, naye hufa maji kama mtu. Wenzangu walikitaka kilichomo tumboni, wajue mnyama alikula nini. Mimi nilipewa mabaki, yaani ukuta.

Walikuwa na sababu nzuri ya kuyataka yaliyomo. Omar Amir na wenzake walikuwa wamechapisha mwaka 2005 uchunguzi wa matumbo 26 ya pomboo wa Zanzibar waliokufa kwenye nyavu, wakatambua aina 50 za samaki wenye mifupa na aina 3 za jamii ya ngisi. Aliyeongoza orodha yao alikuwa mkunga mwembamba wa chini, ambaye wanasayansi humwita Uroconger lepturus. Kwa mvuvi hiyo ni habari yenye uzito, maana inaonyesha ni wapi pomboo anagombea riziki na binadamu na ni wapi hagombei. Wakati ule sikuona ukuta mtupu ungeongeza nini juu ya hapo.

Asubuhi moja tulishuka dikoni kabla jua halijakaza. Pomboo alikuwa amelazwa juu ya majani ya mnazi, ngozi ingali inang'aa. Nahodha aliyemleta, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa amejikunyata pembeni akikunja kamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnamtaka wote au tumbo tu?"

"Tumbo tu, babu."

"Basi fanyeni upesi. Huyu ndani yake ni moto. Nje amepoa, ndani bado."

Nilidhani anasema tu. Nilipotia mkono ndani nilikuta joto la kweli, ingawa mnyama alikuwa amekufa tangu usiku. Pomboo amevikwa tabaka la mafuta chini ya ngozi linalomkinga na baridi ya bahari, na mafuta hayohayo huzuia maiti isipoe. Joto likibaki ndani, uozo hukimbia, na hakuna kiungo kinachoharibika upesi kama tumbo, kwa kuwa limebeba ndani yake dawa ya kujiyeyusha.

Jambo hilo lilielezwa zamani. Mwaka 1772 daktari wa upasuaji John Hunter aliisomea Royal Society ya London makala kuhusu tumbo linavyojimeng'enya baada ya kifo. Alikuwa ameona matumbo ya watu waliokufa ghafla yakiwa yametoboka bila ugonjwa wowote, akatambua kwamba maji ya tumbo, yaliyokuwa yakila chakula jana, leo yamemgeukia mwenyewe. Miaka 15 baadaye, mwaka 1787, Hunter huyohuyo alichapisha uchunguzi wake wa nyangumi na jamaa zao, akieleza matumbo yao yenye mifuko kadhaa. Edward Tyson alikuwa amemtangulia kumpasua mmoja wa ukoo huo, jijini London, na kitabu chake kilitoka mwaka 1680. Ila wote wawili walitumia macho na kisu. Rangi za kuuliza tishu zilikuwa bado hazijapatikana.

Dikoni tulikata. Tumbo la mbele lilipofunguka, ndani mlikuwa na uti wa mgongo wa samaki uliokwisha kuvuliwa nyama, midomo myeusi ya ngisi, na vijiwe vyeupe vya masikio ya samaki, vingine vidogo kama punje ya mtama. Ukuta wake ulikuwa mweupe, mgumu kwenye kidole, na mikunjo mirefu. Hatua chache mbele, tumbo kuu lilikuwa na sura nyingine kabisa: jekundu la zambarau, nene, laini, lenye utelezi. Nilikata vipande vyembamba kuliko unene wa kidole changu kidogo nikavitosa kwenye fomalini. Fomalini hupenya tishu polepole, kama milimita 1 kwa saa, na kipande kinene huoza katikati huku nje kikionekana salama. Kila kipande nilikipa maji ya dawa mara kumi ya ujazo wake au zaidi, nikaandika lebo kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti.

Somo la kwanza nililipata hapo, na lilitoka kwa nahodha zaidi kuliko kwa kitabu: ushahidi una muda wake. Rangi nzuri haiwezi kufufua seli iliyokwisha kuyeyuka. Nimeona maabara zikinunua hadubini ya bei kubwa huku ndoo ya fomalini haipo pwani, na anayepokea mnyama hana hata namba ya simu ya kupiga. Fedha hiyo imewekwa mwisho wa njia, na hasara inatokea mwanzoni.

Tuliporudi bara, vipande vilipitishwa kwenye spiriti ili kutoa maji, kwenye zailini ili kutoa spiriti, kisha kwenye nta ya parafini. Nta ikiganda, mashine hukata utando wa mikroni 5 hivi, mwembamba kiasi cha kuelea juu ya maji ya uvuguvugu. Hapo ndipo rangi huanza.

Rangi ya kila siku ni jozi ya hematoksilini na eosini. Hematoksilini hutokana na gogo la mti wa Marekani ya Kati, nayo hupaka viini vya seli buluu ya zambarau. Eosini hupaka protini nyingi waridi. Kwa jozi hii peke yake vyumba vya pomboo vilijieleza. Tumbo la mbele lilionyesha tabaka juu ya tabaka za seli bapa, na juu kabisa keratini, ileile protini ya kucha na ngozi. Tezi hakuna hata moja. Huo ni ukuta uliojengwa kukwaruzwa: miba ya changu na mifupa ya mkunga inasuguana hapo, na misuli minene inakanda, bila kujeruhi kitu chenye thamani.

Ukivuka kwenda tumbo kuu, mambo yanageuka ghafla, katika nafasi ya seli chache tu. Keratini inakoma, na tezi zinaanza, zimesimama wima, zimebanana. Ndani yake kuna seli za duara zenye waridi kali. Hizo ndizo seli za asidi. Waridi wake unatokana na mitokondria zilizojaa humo, kwa kuwa kutengeneza asidi ni kazi ghali. Pampu kwenye utando wa seli hizo hutoa hidrojeni na kuingiza potasiamu, hadi hidrojeni ndani ya tumbo inazidi ile ya damu zaidi ya mara milioni 1. Chini ya tezi zipo seli nyingine, zenye buluu kwa sababu zinashona protini mchana na usiku. Hizo hutoa pepsinojeni, kimeng'enya kilicholala, kinachoamshwa na asidi kikishatoka nje ya seli. Kingeamka ndani, kingemla aliyekizaa.

Swali langu lilizaliwa hapo. Ukuta huu unatoa asidi na kimeng'enya cha kuyeyusha nyama, nao wenyewe ni nyama. Nini kinaukinga? Kwenye hematoksilini na eosini, seli za juu kabisa, zile zinazogusana na asidi, zilionekana na vichwa vyeupe vitupu, kana kwamba hazina kitu.

Maabara yetu iliongozwa na mama mmoja aliyekuwa amepaka slaidi tangu mimi sijazaliwa. Nilimpelekea.

"Mama, hizi seli za juu mbona ziko tupu?"

Akainama kwenye hadubini, akazungusha kidogo. "Haziko tupu, mwanangu. Umeuliza protini, zimekujibu hazina. Hebu uliza sukari."

Rangi ya kuuliza sukari huitwa PAS. Kwanza tishu huoshwa na asidi ya perayodi, ambayo huzifungua pete za sukari. Kisha humiminiwa dawa ya Schiff, iliyotokana na kazi ya mwanakemia Hugo Schiff miaka ya 1860. Dawa hiyo haina rangi, lakini ikikuta sukari zilizofunguliwa hugeuka nyekundu ya zambarau. Nilifuata hatua zote, nikaosha slaidi chini ya bomba, na rangi ikapanda taratibu ndani ya maji. Vile vichwa vitupu vilikuwa vimejaa mpaka mdomoni. Mstari mwekundu ulitambaa juu ya ukuta wote wa tumbo kuu na kuingia ndani ya kila kitundu cha tezi.

"Basi ndio ute wenyewe," nikasema.

"Rangi haina jina," akajibu. "Jina unaipa wewe. Glaikojeni nayo ni sukari, nayo inawaka vilevile. Leta slaidi ya pili."

Akaiweka mezani, akaitemea mate, akaieneza kwa ncha ya kijiti. Mimi nilishangaa, yeye alikuwa ameshatazama saa. Mate yana kimeng'enya kinachovunja glaikojeni na kisichoweza kuugusa ute wa tumbo. Kando yake aliweka vipande viwili vya ini, ambalo ni ghala la glaikojeni, kimoja kikapata mate na kingine kikakosa. Baada ya nusu saa tulizipaka zote kwa pamoja. Ini lililokosa mate lilikuwa jekundu, lenye mate limepauka. Tumbo la pomboo lilibaki jekundu palepale, mate yasilipunguzie kitu. Sasa ndipo akaniruhusu kuandika neno ute kwenye daftari.

Baadaye tuliongeza alsiani ya buluu, rangi yenye shaba na chaji chanya, inayoshika sehemu za ute zenye chaji hasi. Hapa kiwango cha asidi ya dawa ndicho kinachobadilisha swali. Katika pH 2.5 hushika ute wote wenye asidi. Ukishusha hadi pH 1.0 hubakia kwenye ute wenye salfeti peke yake. Slaidi mbili za mnyama mmoja, rangi moja, chupa mbili zilizotofautiana uchachu tu, na majibu mawili. Kwa mamalia wengi, seli za juu ya tumbo hubeba zaidi ute usio na chaji, unaowaka kwa PAS, na ute wa buluu huzidi ukishaingia utumboni. Slaidi zetu zilikwenda mle mle: wekundu tumboni, na baada ya mlango wa misuli buluu ikaanza kushamiri. Mabishano ya wale wanaohesabu uvimbe ule kuwa tumbo jingine yalipoa mbele ya macho yangu, kwa kuwa jicho linaona mfuko tu, na kemia inasema mfuko huo ni wa ukoo gani.

Ute huo haufanyi kazi peke yake. Seli zinazoutoa humwaga bikaboneti chini yake, na asidi inayopenya hupozwa kabla ya kugusa ngozi ya seli. Seli zenyewe hazikai. Kwa mamalia, zile za juu hudondoka na kubadilishwa ndani ya siku chache. Ukuta wa tumbo basi ni kitu kinachojengwa upya kila saa, na uzima wake ni ujenzi huo kuupita ubomoaji kidogo tu. Moyo ukisimama, ujenzi hukoma, nao ubomoaji unaendelea mpaka vimeng'enya vichoke. Ndiyo yale aliyoyaona Hunter, na ndiyo haraka ya nahodha wetu.

Ukutani husomeka pia yaliyompata mnyama alipokuwa hai. Pomboo wa pua ya chupa wanajulikana kubeba mnyoo bapa aitwaye Braunina cordiformis, mwenye umbo la moyo, anayejikita karibu na mwisho wa tumbo na mwanzo wa utumbo. Mwingine, Pholeter gastrophilus, huishi ndani kabisa ya ukuta, na tumbo humzungushia makovu hadi vinaota vinundu. Minyoo ya Anisakis hutoboa na kuacha vidonda; hiyo hutokana na samaki, na binadamu anayekula samaki mbichi huipata vilevile. Kikaango cha pwani yetu kinatulinda bila kujisifu. Kovu hupakwa kwa rangi nyingine tena, ya kutenga nyuzi za kolajeni na misuli. Mtu anayetazama PAS peke yake anaweza kupita juu ya kovu zima asilione.

Kilichonirudisha kwa wenzangu wa yaliyomo kilikuwa asidi. Vijiwe vya masikio ya samaki ni kalsiamu kaboneti, na asidi hukila kitu hicho. Vidogo huisha mapema. Midomo ya ngisi ni kitini ngumu, nayo hustahimili na kurundikana. Kwa hiyo tumbo lililofunguliwa kwa kuchelewa linaweza kutoa picha ya pomboo mpenda ngisi kuliko alivyokuwa. Ili kusoma mlo wake sawasawa lazima ujue ukuta wake unatoa nini na kwa nguvu gani. Wale wa yaliyomo na mimi wa ukuta tulikuwa na hesabu moja, tukaigawana mezani bila kujua.

Nimefikiria hilo kila ninapokumbuka Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walipokutwa wamekufa ufukweni kaskazini mwa Unguja, upande wa Nungwi na Kendwa. Uvumi ulikuwa mwingi: sumu, meli za kivita, mitetemo ya bahari. Matumbo yalipofunguliwa yalikutwa karibu matupu. Watu waliipokea habari hiyo kama jibu la kila kitu. Tumbo tupu linajibu swali moja, kwamba mnyama hakula karibuni, na linasaidia kuondoa dhana ya chakula chenye sumu kilicholiwa muda huo. Kwa nini kundi zima liliingia maji mafupi ni swali la sikio, la ubongo, la mkondo wa maji na la umbo la ufuko. Kulibana tumbo litoe jibu hilo ni kumtesa shahidi ambaye hakuwepo.

Nimeliona kosa hilo mbali na maabara pia. Kipimo cha mtihani kinauliza kumbukumbu, kisha tunatangaza akili ya mtoto. Daftari la duka linauliza mauzo, kisha tunasema tumejua faida. Kila chombo kina rangi yake, na kila rangi ina kitu isichoweza kukiona. Vichwa vyeupe vya seli zile vilikuwa vimejaa muda wote.

Siku hizi ni mimi ninayepokea maombi ya kupaka rangi, na fomu isiyo na swali huirudisha. Wanafunzi hununa. Mmoja aliwahi kuniandikia tu, "paka zote." Nilimwita tukakaa, nikamuuliza anataka kujua nini juu ya tumbo lile. Akafikiri, akafuta, akaandika upya: anataka kujua kama ute wa tumbo la mwisho una salfeti. Kwa sentensi hiyo tulijua papo hapo rangi ipi, pH ipi, kipande kipi cha utumbo kiwekwe kando kwa kulinganisha, na jibu gani lingemlazimu abadili mawazo. Vipande vya mnyama yule vilikuwa vichache na visingepatikana vingine, na fomu yake ya kwanza ingevimaliza vyote.